Mafuta ya Shilingi Kumi

Siku Tele Supamaketi ilipofunguliwa mjini Malindi, Kahonzi alicheka. Dorcas, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuja na karatasi ya picha za rangi aliyopewa stendi na vijana wenye fulana za njano, akaiweka juu ya kaunta ya duka. Kahonzi akaisogeza karibu na macho, akasoma bei ya mafuta ya kula, akasoma ya sukari, akasoma ya unga, kisha akamrudishia mwenyewe.

"Hawa watafunga kabla ya Pasaka," alisema. "Nani atatoka hapa Kakuyuni apande gari mpaka Malindi kufuata chupa ya mafuta? Ana wazimu?"

Pasaka ikaja ikapita. Idi nazo zikaja zikapita, zote mbili. Tele haikufunga, na wenye wazimu wakawa wengi kuliko wazima.

Duka la Kahonzi ni chumba kimoja cha mawe, dirisha la waya na kaunta ya mbao iliyolainika kwa viwiko vya watu. Amelikalia miaka kumi na tisa. Mumewe alikuwa kibarua wa mashamba ya chumvi upande wa Ngomeni, na alipofariki alimwachia watoto watatu, baiskeli na jembe. Jembe alibaki nalo, baiskeli akaiuza, na kwa hela zile akanunua dumu la mafuta, faneli na kikombe kidogo cha bati cha kupimia. Mwanzo alikuwa akiuza mafuta ya kupima tu, amekaa kwenye kigoda barazani. Mtu analeta kichupa chake, Kahonzi anachota kikombe kimoja, anamimina polepole, anasubiri tone la mwisho lidondoke, kisha anaongeza tone jingine la nyongeza ili mteja arudi. Kutoka kwenye dumu lile kulizaliwa sukari ya kufunga kwenye karatasi, majani ya chai, chumvi, sabuni ya mche inayokatwa kwa uzi, na ada ya shule ya watoto watatu. Mkubwa, Sanga, sasa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Mtwapa, na kwa jina lake mji mzima unamwita mamaye Mama Sanga.

Kwa hiyo usimwambie Kahonzi habari za biashara. Anakamata robo ya sukari kwa mkono, anaitia kwenye mizani, na mizani inakubali. Mara moja tu kwa wiki ndipo mkono unapokosea, na ukikosea unazidisha.

Lakini mkono hodari hautoshi kama watu hawaji. Kila Alhamisi, siku ya ofa, Dorcas na wenzake watatu walichangia tuktuk, wakaenda Tele asubuhi wakarudi adhuhuri. Tuktuk ilipita mbele ya dirisha la Kahonzi imejaa mifuko mpaka miguuni mwa dereva, na wale wanawake wakageuza nyuso upande wa pili, kana kwamba upande wa pili kulikuwa na kitu cha kutazama. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na shamba la mihogo la Mwambire.

Kama wangenunua huko na kunyamaza huko, Kahonzi angevumilia. Kilichomkera mpaka akakosa usingizi wa mchana ni kwamba hawakumwacha. Jioni ile ile ya Alhamisi, Dorcas alikuja dirishani.

"Mama Sanga, hebu nivunjie hii elfu."

"Huko ulikotoka hawavunji?"

"Walinipa noti nzima, mwenzangu. Na chumvi je, ipo? Nimesahau chumvi."

Chumvi. Shilingi ishirini. Mtu amenunua sukari ya mwezi, unga wa mwezi, mafuta ya mwezi, sabuni ya unga ya kufulia kanisa zima, halafu kwa Kahonzi anafuata chumvi. Mwingine alifuata vidonge viwili vya kichwa. Mwingine alikuja kuacha ufunguo wa nyumba, mumewe apitie. Mwingine hakununua hata pipi, alikuja kuuliza kama gari la Magarini limeshapita. Duka limegeuzwa mlango wa uani, kila mtu anapita, hakuna anayekaa. Kahonzi alivunja noti, akauza chumvi, akapokea ufunguo, akajibu habari za gari.

Sanga alipiga simu kila Jumapili. "Mama, funga hilo duka uje huku. Chumba kipo. Watoto wanakuulizia." Kahonzi alimpenda mwanawe na alimpenda mkaza mwana, lakini alishakaa kule wiki mbili akajionea. Jikoni mwa watu hata kijiko ukikiosha unaambiwa acha mama, pumzika. Angepumzika mpaka lini? Mwanamke aliyejilisha mwenyewe miaka kumi na tisa aende akaombe hela ya vocha? Na hapo hapo Mwambire, ambaye ndiye mwenye chumba cha duka, akaja kumwambia kwa adabu zake zote kwamba kuna kinyozi anakitaka chumba, na yeye hapendi kumsumbua mama wa watu, ila angefurahi kupata jibu mwisho wa mwezi. Kubaki au kuondoka. Kahonzi akasema atabaki. Alisema upesi, kabla hajajua atabaki kwa njia gani.

Njia ya kwanza ilikuwa kwenda kugombana na Mwaura, mwenye duka la jumla Malindi ambaye alimuuzia mzigo tangu enzi ya dumu. Alimkuta ameketi juu ya magunia ya mchele akinywa chai.

"Mwaura, unaniuzia chupa ya lita kwa mia tatu na kumi, tena nikichukua katoni nzima. Tele wanaiuza mia mbili themanini na tano, moja moja, kwenye rafu. Nieleze. Mimi nimuuzie nani, na kwa bei gani, nami nibaki na nini?"

Mwaura alimimina chai ya pili, akampa yeye. Alitazama mlangoni, kisha akashusha sauti.

"Mama Sanga, nikwambie ukweli wa Mungu? Hata mimi siku za ofa natuma watu pale Tele."

Kahonzi aliiacha chai bila kuionja. Duka la jumla linanunua kwa rejareja! Basi hapo tena dunia imepinduka miguu juu, na mtu ukiuliza unaambiwa ndiyo biashara ya siku hizi.

Ikawa Alhamisi iliyofuata naye yumo. Alifunga duka kwa kisingizio cha kliniki, akapanda gari la mapema ili asikutane na tuktuk ya kina Dorcas, akaingia Tele kwa mara ya kwanza maishani mwake. Baridi ya humo ilimshika mabegani. Rafu zilikwenda mpaka macho yakachoka, na hakuna aliyemuuliza anataka nini wala mama yake anaendeleaje. Penye mafuta palikuwa na tangazo kubwa: chupa tatu kwa kila mteja. Tatu! Kahonzi alitaka chupa ishirini na nne.

Hakwenda mikono mitupu, maana alishasikia habari hizo. Katika mkoba alikuwa amekunja leso mbili za ziada. Alipita na chupa tatu akiwa na leso nyekundu, akazikabidhi kwa mwanamke muuza ndizi nje, akabadilisha, akarudi na leso ya kijani kichwani, akapita tena. Mara ya tatu alijifunga ya buluu, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Mlangoni alisimama bawabu, kijana mrefu aliyebandikwa jina kifuani, Eugene.

"Shikamoo mama," Eugene alisema.

"Marahaba mwanangu."

"Ile ya kijani ilikupendeza zaidi."

Kahonzi alitamani sakafu ile ya kung'aa ipasuke. Eugene hakumfukuza, alimwachia apite akitabasamu, jambo lililokuwa baya kuliko kufukuzwa. Na alipojiunga na foleni ya kulipa akainua uso, mbele yake alikuwa Dorcas, Dorcas yule yule aliyemwambia Jumatatu kwamba nyumbani kwake wameacha vyakula vya kukaanga kwa sababu ya presha ya mumewe. Kikapuni mwake mlikuwa na chupa tatu. Nyuma yake alisimama binti yake na tatu. Nyuma ya binti alisimama shangazi wa binti na tatu.

"Mama Sanga!" Dorcas akapaza sauti. "Na wewe?"

"Nimekuja kuangalia tu," Kahonzi alijibu, amekumbatia chupa kifuani.

Alirudi Kakuyuni na chupa kumi na nane, kwa maana muuza ndizi na dada yake walimpigia foleni kila mmoja na tatu, kwa malipo ya soda, na mara moja tena Kahonzi mwenyewe alijaribu, Eugene akiwa amekwenda chooni. Kiuno kilimuuma siku mbili. Mchana wote wa Ijumaa alikaa nyuma ya duka na kitambaa chenye mafuta ya taa, akibandua vibandiko vya bei kwenye chupa, kimoja kimoja, akikwangua kwa ukucha mpaka ukucha ukakatika. Alizipanga kwenye rafu. Bei yake, mia tatu na arobaini, ile ile ya siku zote.

Kibandiko kimoja kilimponyoka. Kilikuwa chini ya kitako cha chupa, na aliyekiona ni Kavata, mwalimu wa chekechea, mtu wa kusoma kila kilichoandikwa. Alishalipa. Aliigeuza chupa aitie mfukoni, akasita, akasoma.

"Mama Sanga, hii imeandikwa mia mbili themanini na tano."

"Ni makosa."

"Imeandikwa Tele." Kavata aliinua chupa juu, walio barazani waone. "Unakwenda kununua pale pale tunaponunua, halafu unatupiga hamsini na tano juu! Huu ni wizi, mama. Nisamehe, lakini huu ni wizi mtupu."

Kahonzi hakulikubali neno lile. Alijaribu kueleza. Alisema habari ya nauli, mia kwenda na mia kurudi. Alisema habari ya foleni, ya kiuno, ya kufungua saa kumi na mbili asubuhi, ya kukaa. Nani anayelipa kukaa? Nani amewahi kulipia kule kujua kwamba Kahonzi yupo, usiku ukikosa mshumaa yupo, mtoto akipata homa yupo? Lakini maneno yalitoka kwa mafungu yamevurugika, na watu wakasikia nusu tu, nayo ni ile ya mwizi kujitetea. Siku tatu mfululizo walikuja kumwambia kwa kicheko: "Nipe kwa ile bei ya chini ya chupa." Dorcas, ambaye mbavu zake zilijua ukweli wote wa foleni, hakusema neno la kumtetea.

Aliyesema ni mmoja tu, Nyevu, mshona makuti wa njia ya bondeni. Siku ile ya Kavata alikuwa amesimama pembeni na kichupa chake mkononi, akingoja zamu. "Muacheni mama wa watu," alisema. "Ameniuzia miaka yote hajanipunja tone." Kisha akanyoosha kichupa na shilingi kumi, kama kawaida yake.

Hapo ndipo Kahonzi alipofikiri tena. Alikaa akawahesabu akina Nyevu. Walikuwa nyumba kumi na nne, watu wa mafuta ya kupima, sukari ya karatasi na nusu mche wa sabuni. Wachoma makaa, wapasua kuni, washona makuti. Hawakuwahi kwenda Tele kwa sababu hawakuwahi kushika mia tatu kwa wakati mmoja na wakati huo huo wasidaiwe chakula cha leo. Hao ndio wa kwake. Hao hawakumwacha. Waende akina Dorcas na tuktuk yao, waende na presha zao, duka litabaki kwa hawa.

Alijua jambo jingine pia, na alilijua vizuri. Lita moja inatoa vikombe hamsini vya shilingi kumi. Yule Kavata aliyepiga kelele alilipa mia tatu na arobaini kwa lita. Nyevu, aliyemtetea, alilipa mia tano. Kahonzi alijiambia huo si wizi, ni kazi ya kuchota na kumimina, ni mafuta yanayobaki kwenye kikombe, ni tone la nyongeza. Alijiambia mara mbili, akaacha. Akampigia Sanga simu akamwambia haji, na watoto asiwadanganye kwamba anakuja.

Jumatano ya wiki ya mwisho ya mwezi, asubuhi, Nyevu alikuja dirishani bila kichupa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kichupa kiko wapi leo?"

Nyevu alicheka, akafungua pindo la leso. Ndani mlikuwa na noti, zimekunjwa vizuri. Mtu mmoja wa hoteli alikuwa anaezeka upya banda lake, akanunua makuti yake yote, mia tatu, kwa shilingi kumi kuti. Nusu ya hela amempa, nusu atampa kesho huko huko Malindi, na gari la kumchukua litakuja lenyewe, hatalipa hata nauli.

"Nimesema safari hii ninunue chupa nzima," Nyevu alisema. "Chupa nne, nikae mwezi sina wasiwasi. Hata wanangu waone chupa nzima imesimama ndani ya nyumba." Aliegemea kaunta. "Sasa nataka kukuuliza, dada, maana mimi hesabu za madukani sizijui na huko Tele sijaingia. Watu wanasema Tele, Tele. Ninunue hapa kwako au nisubiri kesho nikiwa Malindi? Wapi afadhali? Wewe utakaloniambia ndilo nitakalofanya."

Kahonzi aliangalia rafu. Chupa kumi na moja zilikuwa bado zimesimama pale, hazijaguswa tangu kelele za Kavata. Mwambire angekuja keshokutwa. Na huyu hapa, katika nyumba kumi na nne zilizobaki, wa kwanza, ameshika hela kwa mara ya kwanza, na cha kwanza anachouliza ni njia ya kwenda Tele. Hasira zilimpanda za kweli. Hata wewe, Nyevu? Alitaka kumpigia kelele. Lakini Nyevu hakuwa amegeuza uso upande wa shamba la mihogo. Alikuwa anamtazama machoni, anangoja kuambiwa.

"Ni mamoja," Kahonzi alisema. "Tofauti ni shilingi mbili tatu, haifiki popote. Na huko utasukumwa tu."

"Ni mamoja?"

"Ni mamoja, mwenzangu."

"Basi nipe hapa hapa," Nyevu alisema, na uso wake ukafunguka kwa kupunguziwa shaka. Alihesabu noti kumi na nne za mia moja moja, akizilainisha kwa kidole gumba. Kahonzi akampa chupa nne na chenji ya arobaini, sarafu juu ya sarafu, hakukosea hata moja.

"Ahsante, dada. Afadhali nimekuja kukuuliza wewe. Mtu mwingine angenila."

Alizifunga chupa kwenye leso, akajitwika, akashika njia ya bondeni bila kuharakisha, shingo imenyooka. Kahonzi aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Bado angeweza kumwita. Njia ni nyeupe, mtu bado yuko karibu.

"Nyevu!"

Nyevu aligeuka mzima mzima, kwa sababu ya mzigo. "Naam, dada?"

"Zifunge vizuri," Kahonzi alisema. "Zisije zikamwagika."

"Zimefungika!" Nyevu alijibu, akaenda zake.

Kahonzi alikaa kwenye kigoda. Alijaribu kumkasirikia Dorcas, akajaribu kumkasirikia Mwaura, akajaribu na wale vijana wa fulana za njano, na hakuna hasira iliyokubali kutoka. Kilichokuja ni hesabu, na haikuomba ruhusa. Hamsini na tano mara nne ni mia mbili na ishirini. Kuti moja ni shilingi kumi. Nyevu, atakaporudi kwenye baraza lake na kukunja miguu, angelazimika kushona makuti ishirini na mbili kuirudisha hela ile, na kwa mikono yake myepesi ingemchukua kuanzia sasa mpaka jua la adhuhuri.